Siku moja na mafaili 63 yaliyopotezewa majina

Saa 2 asubuhi. Nafungua chumba changu cha kazi hapa Mji Mkongwe, Unguja. Naokoa sauti: kaseti, kadi za simu, flashi. Jana kijana mmoja aliniachia flashi yenye rekodi za marehemu babu yake akisimulia habari za ukoo wao. Mafaili 63. Kwa kuwa mengine yalikataa kucheza kwenye redio ya gari, aliyapa yote mkia wa .mp3 mwishoni mwa jina, akitumaini yatakubali.

Kabla ya jambo lolote nanakili flashi nzima kwenye diski yangu. Ile ya mwenyewe siigusi tena.

Saa 3. Jina halibadilishi kilichomo. Jikoni kwa mama, kopo la maziwa ya unga lina bizari, na sote nyumbani tunajua. Basi nafungua kila faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, yaani vipande vidogo vinavyounda faili, nasoma zile za mwanzo, maana ndizo zinazotaja aina yake.

Mafaili 31 yanaanza na 23 21 41 4D 52, yaani herufi #!AMR: rekodi za simu za zamani. Mengine 19 yana 4F 67 67 53, OggS, na kuanzia baiti ya 29 yameandikwa OpusHead. Hizo ni sauti za WhatsApp. Manne yana neno ftyp kuanzia baiti ya tano, kisha M4A. MP3 za kweli ni sita tu: tano zina ID3, moja inaingia moja kwa moja na FF FB.

Mawili yana RIFF, na hapo wengi hukosea kwa haraka. RIFF ni gamba la nje tu. Lazima usome baiti ya 9 hadi ya 12. Moja linasema WAVE. La pili linasema WEBP, nayo ni picha: babu amekaa barazani.

Faili la mwisho ni 00 tupu, mwanzo hadi mwisho. Nimelipitia mara tatu.

Saa 5. Lile la WAVE ndilo lililokula asubuhi yangu. Lina baiti 508,032,044 lakini halitoi hata sauti. Kinasa sauti huandika urefu wa rekodi kikifunga faili. Hiki naona betri ilikata kabla, kwa hiyo penye urefu pamebaki sufuri. Programu ya kucheza sauti ikiona sufuri inaamini hakuna kitu. Sauti yenyewe ipo! Kichwa, yaani maelezo ya mwanzo wa faili, kinasema sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili: baiti 176,400 kila sekunde. Natoa baiti 44 za kichwa, nagawanya, napata sekunde 2,880. Dakika 48 za babu.

Naandika urefu kwa mkono, baiti ndogo ikitangulia kama WAV inavyotaka: 24 F4 47 1E baada ya RIFF, na 00 F4 47 1E baada ya neno data. Nabonyeza kucheza. Kikohozi, kisha, "Bismillahi…" Adhana ya adhuhuri ilinikuta bado nasikiliza.

Saa 9 alasiri. Kijana amekuja na mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umempata baba?"

Nikamwekea zile dakika 48. Alijifunika uso kwa ukaya, hakusema neno mpaka babu alipotaja jina lake.

Kijana akauliza kama sasa niyageuze yote yawe MP3. Nikamwambia, mdogo wangu, ya asili yaache yalivyo, kila moja na mkia wake wa kweli. AMR ukiigeuza MP3 haiongezeki usafi, inapungua. Nimekutengenezea nakala za gari pembeni.

Saa 11. Naandika orodha ya kumpa. Faili la sufuri jina lake lilikuwa "harusi ya shangazi". Nimeliweka katika orodha pia, na mbele yake nikaandika: tupu, limekaguliwa, ulizeni kama kuna ndugu mwenye nakala.