Nozo ya Tatu

Mwaka 2008 nilikuwa nabeba viazi kutoka Njombe kwa Hilux ya baba, pikapu kuukuu ya injini ya dizeli aina ya 3L. Nilipokaribia Makambako gari likaanza kugonga, ka-ka-ka, kama mtu anapiga nyundo ndani ya debe. Likiunguruma bila kukanyagwa mafuta lilitetemeka hadi vioo vya pembeni vikacheza, na nyuma moshi mweusi.

Fundi wa kwanza hakumaliza hata dakika mbili. "Konrodi imekwisha. Hapo ni kufungua injini." Konrodi ni kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Bei aliyotaja ilizidi viazi vyote nilivyobeba. Nikakaa juu ya magunia nikitafuta maneno ya kumwambia baba.

Mpiga debe wa stendi ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja fundi wa pampu za dizeli. Mzee aliinama kwanza, akasikiliza. Kisha akachukua spana ya 17, akawa analegeza nati za bomba za dizeli pale kwenye nozo, vile vifaa vinavyopulizia mafuta kwenye silinda, moja moja, injini ikiunguruma, ili kila silinda ikose mafuta kwa zamu. Ya kwanza: injini ikazubaa, nusura izime, lakini kugonga kuko palepale. Akakaza. Ya pili vilevile. Alipolegeza ya tatu, mlio ukakatika ghafla, na mtetemo wala haukuongezeka.

"Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, mzee. Lakini hata konrodi mbovu si ingenyamaza, maana silinda hiyo haichomi tena?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akazima, akabadilishana nozo ya tatu na ya kwanza. Zile washa za shaba, pete za kuzibia chini ya nozo, akazipasha moto zilainike. Akawasha. Kugonga kumehamia silinda ya kwanza.

"Konrodi huwa inahama?"

Kwenye mashine yake ya mkono ya kupimia nozo, zile zilizo nzima zilipuliza ukungu. ("Vidole mbali! Hiyo inapenya ngozi.") Ile moja ilichuruzika kama bomba la mtaani. Dizeli ikichuruzika hivyo haiwaki kwa mpangilio, inalipuka kwa mkupuo, na huo ndio mlio uliokaribia kuniuzia injini.

Ncha ilikuwa imejaa uchafu. "Mafuta ulinunua wapi?"

Kwenye madumu, kando ya barabara, kwa tamaa ya bei. Nikajifanya nahesabu magunia.

Nyumbani baba aliwasha gari, akatega sikio. "Mbona limetulia kuliko nilivyokupa?"

Nikamwambia barabara ilikuwa nzuri.