Chafya za mwaloni

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, na anayelijua vumbi la dagaa wakavu anazijua chafya zake. Tangu nimzae kitinda mimba wangu, kila chafya ilinilowesha. Nikicheka, mkojo unatoka. Nikiinua gunia, unatoka. Nakaa Mabatini, kule mlimani, na kushuka yale mawe asubuhi nilikuwa nafika barabarani kanga ya ndani chapachapa.

Wifi yangu akasema, "Acha kunywa maji, utakauka wenyewe." Nami kwa akili zangu nikamsikiliza! Kutwa juani na kikombe kimoja cha chai ya rangi. Mkojo ukawa mzito, unanuka, unachoma, na kuvuja unavuja vilevile, ila sasa hata paka wa mwaloni wananigeukia. Nikaishia na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Jirani naye: "Ukiwa chooni, kata mkojo katikati kila siku, ndiyo zoezi." Mwezi mzima nakata. Kumbe hilo si zoezi, unakifundisha kibofu kisimalize kazi yake. Wa tatu akaninong'oneza kwamba ni fistula, lile tundu kati ya kibofu na uke, siku mbili sikulala. Fistula haisubiri ucheke, yenyewe inavuja tu, umekaa umelala.

Daktari alinisimamisha akaniambia nikohoe. Nikakohoa kwa adabu. "Mama, kohoa kama uko kwako." Nikakohoa kama niko kwangu. Habari za viatu vyake tuziache.

Akanieleza na upasuaji. Kuna utepe unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo uubebe kama machela, wa plastiki au uliokatwa tumboni mwako mwenyewe. Kuna na kushonwa ili shingo ya kibofu ikae juu. Huo wa plastiki Uingereza waliusimamisha Julai 2018, wanawake walilalamika mno maumivu. Kuna na pete ya mpira ya kuvaa ukeni. Nikasema kisu kisubiri, akanipeleka kwa dada wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi.

Yule dada hana haya: "Bana kama unazuia ushuzi mbele ya baba mkwe." Hapo nikaelewa mara moja! Mibano minane, mara tatu kwa siku, miezi mitatu. Makalio yatulie, pumzi usiishike. Nilibana kwenye daladala, nilibana nikihesabu magunia. Miezi miwili sikuona kitu, nikamtukana kimoyomoyo. Wa tatu ndiyo nikaanza kushuka mawe mkavu.

Lakini utamu uko kwenye ujanja wake: bana kabla, si baada. Chafya ikipiga hodi puani, funga mlango kwanza, ndipo uiache itoke. Mara ya kwanza kunasa sawasawa nilikuwa napatana bei na mteja wa gunia zima. Ghafla nikanyamaza, kidole juu, macho yamenitoka, nabana. Nikapiga chafya ya kutisha kunguru. Kavu! Nilipofumbua macho yule baba amekunja uso, anadhani nimekasirikia bei yake.

"Basi mama, yaishe," akasema, akaongeza elfu mbili.