Siku ya moto wa kwanza: tanuri jipya la mikate Mikindani

Saa 12 asubuhi. Nimeshuka kwenye bajaji kusi inavuma. Hainisumbui, maana mdomo wa tanuri niliuelekeza kaskazini makusudi, upepo usiingie ndani ukauchochea moto. Mwenye tanuri, mama wa makamo anayeuza mikate, yuko uani tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Leo tunaoka?"

"Leo tunatoa maji tu, mama."

Hakufurahi, na ninamwelewa. Miaka yote ameoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Saa 1. Kijana wangu amekuja na vijiti vya mkorosho vilivyopogolewa shambani, vikavu kabisa. Maganda ya korosho nimeyakataa: yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake hauvutiki. Kuni zilizookotwa ufukweni nazo hapana, zimekunywa chumvi.

Tumekoka moto mdogo katikati ya sakafu, mbali na kuta.

Saa 3. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuba, yaani paa la mviringo la tanuri, ukilitazama kwa nje limekauka, lakini matofali na udongo wa kichuguu tuliojengea bado vimeshika maji. Maji yakichemka kwa nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji yenyewe. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, mvuke unakosa pa kupita, unajitobolea njia: uso wa tofali unabanduka, au kuba linapasuka. Ndiyo maana plasta ya nje sijapiga, na mlango utabaki wazi mchana kutwa.

Kipimajoto sina. Nachovya kidole kwenye maji, nadondosha tone juu ya tofali la ndani. Likisambaa na kukauka polepole, sawa. Likilia "chss", moto umezidi, natoa kijiti.

Saa 5. Kuba limeanza kutoa jasho. Mabaka meusi ya unyevu yametokea mgongoni, kwanza juu, kisha ubavuni. Nimeyafurahia sana, maji yanatoka kwa njia yao. Kijana kaniuliza kwa nini hatukujengea mawe ya matumbawe, mbona nyumba za kale za hapa Mikindani zimesimama nayo hadi leo. Nikamwambia jiwe hilo likikolea moto hugeuka chokaa, na chokaa ya nyumba hizohizo ilipatikana kwa kulichoma.

Saa 7. Ugali na samaki, kwa zamu. Moto hauachwi peke yake.

Saa 9. Mama kaja na gogo zima. "Ongeza fundi, likauke upesi." Nimemwomba radhi, nikaliweka pembeni. Nimeona matanuri mazuri yakiharibiwa kwa haraka ya siku moja, na huwa inaniuma, kwa sababu tofali lililobanduka ndani ya kuba halirudishwi kwa kupaka udongo.

Saa 11 jioni. Kijana kaniita mbio: "Fundi, ufa!" Mwembamba kama unywele, umetoka kwenye mdomo ukapanda kidogo. Tofali la ndani limepata joto likatanuka, la nje bado baridi. Nyufa za namna hii ni za kawaida. Ungeingia ukucha ningezima moto. Tumeuwekea alama ya mkaa tuone kama utarefuka. Kuuziba ni baada ya kukausha, tanuri likiwa limepoa.

Saa 1 usiku. Tumeacha makaa yafe yenyewe. Mlango tumeuegesha nusu, joto libaki na mvuke uendelee kutoka. Juu tumefunika bati lisiloligusa kuba, kwa ajili ya umande.

Kesho moto utapanda hadi nyuzi 150 hivi, keshokutwa 200, na kuendelea hivyo, kuni zikiongezwa kidogo kidogo. Mama kaniuliza anunue unga lini. Nimemwambia asubiri siku masizi ya ndani yatakapoungua yenyewe na matofali kurudia rangi yake. Siku hiyo nitampigia simu kabla sijamaliza kunawa mikono.