Kutoka Miritini hadi Kigali: saa, maharage na bei ya petroli

Mtu akiniuliza maisha ya Kampala ni ghali au nafuu kuliko ya Mombasa, humrudishia swali: unataka kununua nini huko, matoke au petroli? Barabara ya kutoka bandarini hadi Kigali ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, na karibu kila kilichoshuka melini kinalipa nauli ya njia yote hiyo. Kilichoota pale pale hakilipi. Nimeipita njia hii kwa treni na mabasi mawili, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kufunga mkoba.

Tiketi ya treni ya Mombasa hadi Nairobi unakata kwa simu, *639#, unalipa kwa M-Pesa, kisha unaichapisha kwenye mashine stesheni. Jina na nambari lazima zilingane na kitambulisho. Wanaokwama mlangoni mara nyingi ni wale waliokatiwa na ndugu akakosea tarakimu moja. Stesheni iko Miritini, si mjini, kwa hiyo weka pembeni pesa ya tuktuk au matatu. Fika saa nzima kabla, maana mizigo hupangwa chini mstari mmoja mbwa wakaipitia, halafu huingia kwenye mashine, na foleni hiyo haina njia ya mkato. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,000 hadi Januari 2024 lilipopanda kuwa 1,500. La kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Kwa kilomita 472 hivi, hiyo ni shilingi 3 na kitu kwa kilomita. Sioni kama ni ghali. Kinachouma ni nauli za pande zote mbili, ya kwenda Miritini na ile ya kutoka Syokimau kuingia Nairobi, ingawa Syokimau kuna treni ndogo ya kukufikisha mjini kwa bei ya chini kuliko teksi yoyote.

Kaa upande wowote, Tsavo inaonekana kote. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, na vichwa vyake vinakunywa dizeli. Wenzetu wa Dar es Salaam, waliozindua yao mwaka 2024, wanaendesha kwa umeme, na hapo wametupita. Reli ya zamani unaiona mara kwa mara, imejikunja pembeni, milimita 1,000 tu. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Wembamba ule haukuwa ujinga. Reli nyembamba inakata kona kali, inahitaji tuta dogo, na injini na mabehewa yake yaliweza kuletwa kutoka India ambako kipimo hicho kilikuwa kinatumika tayari. Hasara yake tunailipa leo: mabehewa ya reli moja hayaingii kwenye nyingine. Reli mpya, waliyoijenga Wachina, inakoma upande wa Naivasha, na kontena la Uganda linalofika huko kwa treni lazima linyanyuliwe kwa winchi, lipakiwe upya kwenye reli nyembamba au kwenye lori. Kila kunyanyua kuna bei yake, na bei hiyo utaikuta dukani Kampala.

Ukipita mto Tsavo, jirani yako atakwambia habari za simba wawili wa mwaka 1898 waliokula watu 135. Idadi hiyo aliitoa mhandisi aliyewaua. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali zilizobaki kwenye mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamehifadhiwa makumbusho ya Chicago, wakapata makadirio ya watu 35 hivi. Ni wengi mno hata hivyo, lakini 135 ni hesabu ya msimulizi.

Nairobi ndiyo sehemu ya kwanza ambapo Mswahili wa pwani anaona jiko linamchezea. Maharage hayaivi. Unayaweka saa ile ile, moto ule ule, na yanabaki na kiini kigumu. Sababu ni hewa: kila ukipanda mita 300, maji huchemka kwa nyuzi 1 chini. Mombasa yanachemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwenye mita 1,700 na kitu, ni 94 hivi. Kampala ni 96. Kigali, mita 1,500 na zaidi, ni 95. Kuongeza makaa hakusaidii hata kidogo, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanazidi tu kutoa mvuke. Unachoma pesa. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, funika sufuria ibane, punguza moto mara yanapochemka. Mwenye sufuria ya presha amemaliza ubishi: inabana mvuke, maji yanapita nyuzi 115 hata huko juu. Chai nayo inadai subira. Acha majani yachemke pamoja na maji dakika kadhaa, kwa sababu kumimina maji ya Nairobi juu ya majani kunatoa rangi bila ladha.

Basi la Kampala huondoka jioni kwa wengi wetu. Ni kilomita 650 hivi, na saa 12 au 13 ukiwa na bahati. Beba koti mkononi, usiliweke chini kwenye buti. Barabara ya Eldoret inapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na saa nane za usiku huko si mahali pa shati la mikono mifupi. Karibu na hapo hapo unavuka ikweta, umelala. Utaivuka tena ukiwa macho, nitafika.

Malaba inahitaji utulivu. Kituo ni cha pamoja, maana yake unapita upande wa nchi unayoingia na kumalizana na nchi zote mbili hapo hapo: dirisha la Kenya kwanza, la Uganda baadaye. Kosa la kawaida ni kufuata kundi, ukapigiwa muhuri mmoja ukadhani umemaliza. Huo uliokosekana utakusumbua siku ya kurudi. Mwananchi wa Kenya, Uganda au Rwanda anaruhusiwa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Chanjo hiyo inahitaji siku 10 kabla ya kuhesabika, na tangu Julai 2016 inatosha kwa maisha yote, hata kama kadi yako imeandikwa miaka 10. Kabla ya kushuka piga picha ya namba ya basi; alfajiri mabasi yote yanafanana.

Wabadilisha pesa watakuwahi kabla ya dirisha. Fanya hesabu yako mwenyewe ndani ya basi. Shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikicheza kwenye 27 au 28 za Uganda, na faranga 11 hivi za Rwanda. Njia ya haraka ya kichwani: bei ya Uganda, toa sufuri moja, gawa kwa 3, ongeza kidogo. Elfu 10 inakuwa 333, na ukweli ni kama 360. Ya Rwanda, toa sufuri moja, punguza kidogo tena. Faranga 1,000 ni karibu shilingi 90. Mchezo wao ni huu: anakuhesabia pesa kamili mbele yako, unatoa zako, anasema “lete nirudie,” na katika kurudia noti mbili zinabaki kiganjani mwake. Zikishafika mkononi mwako hazirudi kwake. Pia kataa noti ya elfu moja ya Kenya ya zamani. Ilikufa 30 Septemba 2019 na bado kuna wanaoitembeza usiku. Badilisha ya kutosha chai na boda tu.

Wanaotumia simu kutoa pesa Uganda wakumbuke kodi ya nusu asilimia kwenye kila kinachotolewa, mbali na ada ya kutoa. Ukitoa shilingi 200,000 za huko, 1,000 ni ya serikali. Toa mara moja au lipa moja kwa moja kwa simu. Kodi haimgusi anayelipa, inamgusa anayetoa.

Jinja unavuka mto Nile kwenye daraja la nyaya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Bwawa la zamani, la mwaka 1954, liko jirani, na juu yake ndiko magari yote yalikopita kabla ya hapo. Picha usipige, askari wanaangalia.

Kampala sasa. Chakula ni nafuu kwa sababu hakijasafiri: matoke, viazi vitamu, karanga, samaki wa ziwani, parachichi. Rolex ya barabarani inaonyesha vizuri. Muuzaji anavunja mayai mawili kwenye kikombe, anatupia kabichi, nyanya na kitunguu, anakaanga juu ya bamba la chuma, anabandika chapati juu yake na kuikunja. Mayai na mboga ni za karibu. Mafuta na ngano ndizo zilizotoka mbali, na bei ikipanda ujue ni hizo. Petroli nayo inakuja Mombasa kwa meli, inasukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha inapanda lori. Ndiyo maana nauli ya boda inakushangaza wakati sahani ya chakula inakufurahisha. Anayelinganisha miji kwa kubadilisha mshahara kuwa dola hajajua lolote. Aangalie ni sehemu gani ya kapu lake imepitia bandarini.

Asubuhi ya pili panda basi la Kigali, kilomita 500 na kidogo. Kiasi cha kilomita 70 kutoka Kampala, pale Kayabwe, kuna ile duara nyeupe ya ikweta, na kijana mwenye beseni tatu zenye tundu chini. Upande mmoja maji yanazunguka kulia, upande wa pili kushoto, katikati yanashuka wima. Watalii wanashangilia. Tazama mikono yake. Anapomimina anaelekeza maji ubavuni mwa beseni, upande mmoja hivi, upande wa pili vile, na ua dogo linaloelea linafuata alichoanzisha mwenyewe. Dunia kuzunguka kunageuza vimbunga, si beseni, na hatua kumi kutoka kwenye ikweta nguvu hiyo ni sifuri kwa hesabu yoyote ya maana. Ili kuiona kwenye maji, Shapiro wa MIT mwaka 1962 alihitaji tangi la karibu mita 2 kwa upana, akaliacha litulie saa 24, tena mbali kaskazini kwenye nyuzi 42. Kijana mlipe, ni kazi yake, lakini usimpeleke mtoto akajifunzie fizikia.

Baada ya Kabale, kwenye baridi tena, inakuja Katuna, na hapa kila kitu kinageuka kwa mpigo. Magari yanahamia kulia. Basi lililoundwa kwa barabara zetu lina mlango kushoto, kwa hiyo ukishuka Rwanda njiani unashukia katikati ya magari. Subiri kondakta akague. Ukivuka kwa miguu, macho yaanze kushoto. Mifuko ya plastiki toa mwenyewe kabla ya kuambiwa: Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla ya Kenya. Soketi ni za mashimo mawili ya duara. Umeme wenyewe ni ule ule, volti 230 hivi, kwa hiyo unahitaji kigeuzi cha plagi tu, kinunue Kampala. Ukirudi na chaja ya pini mbili kutoka huko, usiisukume kwenye soketi yetu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Pini ya duara haikamati vizuri, inacheza, inatoa cheche, na plastiki inaanza kunuka usiku umelala.

Saa nayo inarudi nyuma: saa nne asubuhi ya Katuna ni saa tatu ya Rwanda. Simu hubadilika yenyewe ikishika mtandao, na kwenye milima ile inaweza kushika wa ng’ambo hata kabla hujavuka, halafu ikarudi. Anayetegemea kengele ya simu kwa basi la alfajiri aizime hiyo ya kujirekebisha.

Kigali ni safi, imepangwa, na bidhaa za dukani ni ghali. Bahari iko mbali kuliko kote nilikopita. Mabasi yana kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo usiahidi mtu utafika lini. Pikipiki hubeba abiria mmoja, naye huvishwa helmeti. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na mtaa wa Nyamirambo ndiko utakakokisikia bila kukitafuta, kwenye meza za chai na chapati.

Na huko huko saa ya Kiswahili inapata haki yake. Mombasa jua hutoka saa kumi na mbili na robo hivi. Kampala, kwa saa ile ile ya Nairobi, linasubiri hadi saa moja kasorobo. Kigali iko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 30 mashariki, ambao ndio msingi wa saa ya huko. Ondoa au ongeza robo saa kulingana na mwezi: jua linachomoza saa kumi na mbili, na likiwa juu ya utosi, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko vyote vya siku, ni saa sita.