Siku moja gereji: IST inayozima ikishapata moto

Saa 2 asubuhi. Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE imelala gereji, Ilala, tangu jana jioni. Nimeitaka hivyo, ianze ikiwa baridi kabisa. Kabla ya kufungua boneti namuuliza mwenye gari: "Dada, inazima ghafla kama umezima swichi, au inakwama-kwama kwanza?" Ghafla, hata ikiwa kwenye mwendo. Ingekuwa inakwama-kwama ningeanzia kwenye mafuta. Ingekuwa inazima silensa tu, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, ningefungua throto (mlango wa hewa ya injini) nione uchafu. Ghafla, mara nyingi ni umeme.

Saa 2:30. Mashine ya kusoma hitilafu haionyeshi kodi yoyote, yaani namba ya hitilafu. Hilo halimalizi kitu, maana sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta ya gari kwamba mhimili wa injini unazunguka, inaweza kukata na kodi isibaki. Naipima ikiwa baridi: ohmu 1,310. Kipimo chake ni 985 hadi 1,600, basi iko sawa. Wengi huishia hapa, halafu mteja ananunulishwa pampu, plagi na koili nne. Inauma kuona hivyo.

Saa 3. Nafunga geji ya presha ya mafuta, naweka karibu plagi ya akiba ya kuonea cheche na taa ya kupimia umeme wa nozeli zinazopuliza mafuta, ndipo nawasha na kuiacha silensa, AC ikifanya kazi. Vifaa lazima vitangulie: gari ikishazima nina dakika kumi hivi, ikipoa ushahidi umepotea.

Saa 3:50. Maji yamefika nyuzi 94, injini inakufa. Napiga starta. Presha psi 47, mafuta yapo. Cheche hakuna. Taa ya nozeli haiwaki. Koili nne na nozeli nne hazifi zote kwa mpigo. Kompyuta ndiyo haipati taarifa kwamba kranki inazunguka. Na kweli, kwenye mashine RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inasoma 0 huku starta ikizungusha.

Nachomoa soketi ya sensa, napima: OL, yaani umeme haupiti kabisa. Waya mwembamba uliosokotwa ndani umekatika. Ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana tena. Naifunika kwa kitambaa chenye maji baridi. Dakika chache baadaye inasoma ohmu 1,420, na gari inawaka.

Saa 5. Dukani naenda na mita. Sensa inapimwa kaunta kabla ya kulipia.

Saa 6:30. Inakaa upande wa puli ya kranki, boliti moja ya spana 10. Oringi inapakwa oili kidogo. Waya naukagua hadi mwisho, kwa sababu ukiwa umelainishwa na oili inayovuja, hata sensa mpya haitasaidia.

Saa 8 mchana. Silensa dakika 40, kisha foleni. Nazima dakika 10, kwa kuwa maji yakiacha kuzunguka joto la injini hupanda zaidi, na sensa mbovu hujionyesha hapo. Nawasha: starta moja, imewaka. Narudia mara tatu ndipo namkabidhi dada funguo, pamoja na sensa ya zamani.