Nilivyochagua taa na mchanga wa tangi kubwa la matumbawe

Taa na mchanga wa tangi la matumbawe huzungumziwa kando kando, kana kwamba taa ni habari ya juu, mchanga ni habari ya chini, na havikutani popote. Nilipojenga tangi langu kubwa la maji ya chumvi nilivichagua kwa pamoja, na kilichoviunganisha ni mkondo wa maji.

Tangi lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60. Hiyo ni lita 648 kabla mawe na mchanga havijachukua nafasi yao. Sikununua kitu kabla ya kuandika orodha ya viumbe niliotaka kuwafuga. Juu ya mawe nilitaka Acropora na Montipora, matumbawe magumu ya matawi na ya sahani. Katikati nilitaka matumbawe ya Euphyllia na minyiri yake inayoyumba, na chini matumbawe laini. Mchangani nilitaka konokono wa Nassarius na samaki wa jamii ya Halichoeres, ambao usiku hujifukia wakalala humo. Orodha hiyo ndiyo iliyoniongoza hadi mwisho.

Nianze na mwanga. Ndani ya nyama ya matumbawe haya huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Huo mwani ndio unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Kwa sababu hiyo sikuchagua taa kwa wati, wala kwa kuangalia inavyong'aa. Jicho la mtu huona kijani na manjano vizuri kuliko buluu, ilhali mwani huo hunufaika sana na mwanga wa buluu. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho wafugaji hukiita PAR: mwanga wa nanomita 400 hadi 700, unaohesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini mengi huridhika na 50 hadi 100, Euphyllia na 100 hadi 150, na Acropora nilizipangia 250 hadi 350.

Taa za metali halaidi hutoa mwanga mzuri unaometameta majini, lakini joto lake ni kubwa, maji hupungua haraka, na balbu huchakaa hata kama bado inawaka. Mirija ya T5, yaani taa nyembamba za fluoresenti, hutandaza mwanga sawasawa bila vivuli vikali, ila nayo hubadilishwa baada ya mwaka hivi. LED hudumu miaka na nguvu yake hupandishwa na kushushwa kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba mwanga hutoka sehemu ndogo. Tawi moja la Acropora huweza kuwa na upande ulioungua kwa mwanga na upande uliokufa kwa kivuli. Kwa tangi la upana wa sentimita 60 hilo lilinisumbua sana. Nikaamua kuchanganya: LED tatu, kila moja ikisimamia sentimita 60 za urefu, na mirija ya T5 mbele na nyuma kuziba vivuli.

Kisha nikaazima kipimamwanga. Kama kuna jambo moja la kumsihi mfugaji mwenzangu, ni hili: pima ukiwa umeshapanga mawe, maji yakiwa ndani na pampu zikizunguka, kabla ya kuingiza tumbawe hata moja. Kwangu kilele cha mawe kilisoma karibu 300, katikati kama 150, na mchangani 80, pembeni chini ya hapo. Orodha yangu ikawa imepata makazi.

Hapo ndipo mchanga ulipoingia. Acropora zinazopewa mwanga mkali huhitaji pia mkondo wenye nguvu unaobadilika mwelekeo, uziletee oksijeni na kuziondolea ute na taka. Mkondo huo hauelewani na mchanga laini. Punje za chini ya milimita moja hupeperushwa, zikarundikana pembeni na kuacha kioo kitupu katikati, nyingine zikatua juu ya matumbawe na kuyajeruhi. Maji yakichafuka, hata mwanga uliopimwa kwa uangalifu haufiki. Kokoto za milimita 3 hadi 5 hutulia, lakini mabaki ya chakula huzama katikati yake na kuoza, na nitrati, zao la uozo huo, ikapanda. Tena Halichoeres hawawezi kujifukia humo bila kujikwaruza. Nikachukua aragonaiti, mchanga wa kalsiamu kaboneti, wa milimita 1 hadi 2.

Kina cha mchanga nilikifikiria kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Mchanga wa sentimita 10 au zaidi huwa na tabaka la chini lisilo na oksijeni, ambamo bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Napenda wazo hilo, lakini tabaka lile halitaki kuvurugwa, nami nilitaka samaki wanaochimba. Kuacha kioo kitupu kungerahisisha usafi, ila samaki wangu wasingepata pa kulala. Isitoshe, mchanga mweupe hurudisha mwanga juu, na niliona hilo nilipokielekeza kipimamwanga chini: mwanga huo hufika chini ya matawi ambako taa haifiki. Nikakata shauri la sentimita 5. Hesabu yake ni lita 54 za mchanga, karibu kilo 80.

Wako wanaonunua aragonaiti wakitumaini itayeyuka na kulisha maji kalsiamu. Katika pH ya 8 na ushei ya maji ya bahari haiyeyuki kiasi cha kutegemewa. Kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) naziongeza mwenyewe.

Mawe niliyakalisha juu ya kioo kwanza, mchanga ukafuata, ili mchimbaji yeyote asiyaangushe. Pampu nilizielekeza juu, mikondo yake ikutane katikati ya tangi badala ya kupiga mchanga.

Taa nilianza nazo kwa nguvu ndogo, nikazipandisha polepole kwa wiki kadhaa. Matumbawe mapya niliyaweka chini, kisha nikayapandisha ngazi kwa ngazi. Tumbawe likianza kufifia rangi muda mfupi baada ya kuongezewa mwanga, hulirudisha chini siku hiyohiyo.

Sasa Acropora zimetanua matawi na kuzinyima mwanga Euphyllia zilizo chini yake. Chumvi nayo hutanda kwenye lenzi za taa, kwa hiyo huzifuta kila wiki. Kipimamwanga nitakiazima tena nipime sehemu zilezile, ndipo nijue kama nihamishe Euphyllia au nipunguze matawi.