Siku moja maishani mwangu: mtafuta pete ufukweni Blackpool, koili tatu garini

Wapita njia wakiona mtu anatembea ufukweni na ditekta, mashine ya kutambua metali iliyofukiwa, hedifoni masikioni, hudhani anaokota sarafu za bure. Kazi yenyewe ni kuwatafutia watu vitu vyao vilivyopotea, hasa pete za ndoa. Maji baridi hukipunguza kidole, pete huteleza, mtu hushtuka akiwa tayari hotelini. Na swali linaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ni ukubwa wa koili, ile sahani ya mbele. Wengi wanaamini kubwa ndiyo bora. Ifuateni siku hii mpaka usiku, mtaona kwa nini garini ziko tatu.

Saa 10:30 alfajiri. Jedwali la maji kwanza, chai baadaye. Leo ni bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa. Pwani hii ya Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, bamvua lina tabia yake: maji hupwa asubuhi mapema na tena jioni, na hujaa kuelekea adhuhuri. Tofauti ya kimo ni karibu mita 8. Yakipwa, mchanga hufunuka mamia ya mita. Yakijaa hupiga ukuta wa bahari na ufuo wote unapotea. Siku za maji mafu kupwa huja mchana kweupe, lakini kinachofunuka ni kidogo.

Mashine ni Minelab Equinox 800, na koili zake ni tatu: duara ya inchi 6, duara ya inchi 11 inayokuja na mashine, na ile ya yai ya inchi 15 kwa 12. Zote ni za D mbili, yaani nyaya zake zimepangwa kama herufi D mbili zilizopeana mgongo, migongo ikipandana kidogo. Koili ya namna hii hunusa kwa mstari mwembamba wa katikati, kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo inameza udongo mchache kuliko koili za duara-ndani-ya-duara ambazo hunusa kwa umbo la pia. Kwenye chumvi hilo ndilo linalokuokoa.

Saa 11:15. Mchanga wa mbali, uliolowa, mtupu. Hapa, na karibu hapa tu, inatoka koili ya 15. Takataka ni chache, eneo ni kubwa, na bahari haikungoji. Hesabu yake ni hii: ukipiga mfagio, yaani kupeleka koili upande hadi upande, wa mita moja na nusu kwa sekunde mbili, na kila mfagio upandane nusu na uliotangulia, koili ya 15 inamaliza mraba wa mita 10 kwa 10 kwa dakika kama 12. Ya 11 inachukua dakika 16. Ya 6 inachukua nusu saa. Na ukitaka uhakika, mraba huo unaurudia kwa kukatisha, muda mara mbili.

Lakini koili kubwa inabeba adhabu yake. Inaona maji ya chumvi mengi kwa wakati mmoja, na chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo mashine inapiga kelele kila unapoinua mkono mwisho wa mfagio. Dawa ni kuweka Beach 1, mpangilio wa mashine kwa mchanga wa ufukweni, kuiacha mashine ichague chaneli tulivu, kusawazisha ardhi kwa kuinua na kushusha koili mahali pasipo chuma, kisha kushusha usikivu mpaka itulie. Ukishashusha sana, kina ulichokinunua umekirudisha dukani. Vilevile inabeba kelele za umeme kutoka nje, na hapa nyaya za tramu zimepita barabara yote ya pwani. Karibu na ukuta, koili ya 15 inaropoka; ya 6 imetulia.

Kupwa imefika saa 12:30, na mpaka saa 2 maji yameshageuka. Bega linauma. Rudi juu.

Saa 3 asubuhi. Kuosha. Maji ya bomba yasiyo na chumvi, kila kitu.

Saa 5. Simu. Mtanzania anayeishi Manchester, amekuja na familia, pete imepotea jana jioni kwenye mchanga. "Kaka, njoo sasa hivi, nimesimama palepale." Palepale alipo ni ukutani, na mbele yake kuna bahari inayojaa. Anaelezwa kwamba mchanga anaoutaka uko chini ya maji na hautatoka kabla ya saa 10 alasiri. Hakubali. Anataka aingie mtu majini na ile koili kubwa aliyoiona mtandaoni.

Koili kubwa majini ni kazi ya kuvunja vifaa. Mawimbi yanaisukuma kama kasia, uzito wote unaenda kwenye masikio mawili ya plastiki yanayoshika bolti, na yakipasuka hakuna gundi itakayoyarudisha. Mashine hii inavumilia maji hadi mita 3, lakini kuvumilia si kutafuta. Ukilazimika kuingia hadi kiunoni, tumia ya 11 au ndogo zaidi, weka Beach 2, mpangilio wa majini, na uache maji yaingie ndani ya mpini wa chini, la sivyo mpini unaelea na koili hailali chini.

Muda wa kungoja usiupoteze kwa kubishana. Omba picha. Kila simu inaandika saa kwenye picha, na saa ukiilinganisha na jedwali la maji inakwambia mstari wa maji ulikuwa wapi. Kisha tazama mandhari: gurudumu kubwa la gati la kati, Central Pier, na jengo lililo nyuma yake. Ukisimama mahali ambapo vitu hivyo viwili vimekaa kama vilivyo kwenye picha, uko kwenye mstari wa mpiga picha. Ni ufundi uleule wa wavuvi wetu wanaopata mwamba wao kwa kupatanisha minazi na msikiti.

Maji yalipofungua nafasi, mteja alionyesha mahali. Dakika ishirini baadaye akaonyesha pengine, hatua sitini kusini. Kisha mkewe akasema, "Baba, pale tulikuwa juzi." Mahali pa tatu. Wakati huohuo watoto wana majembe ya bati, baba ana simu mkononi na funguo mfukoni, amesimama mita moja kutoka kwenye koili, na kila akisogea mashine inalia. Ombi la kwanza kwa mteja yeyote: simama hatua kumi nyuma, na usichimbe. Mashimo yanaishusha pete au yanaihamishia kwenye rundo lililokwisha kupimwa.

"Kaka, kwa nini hutumii ile kubwa? Ikienda chini sana si ndiyo nzuri?"

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ni muhimu kuelewa. Pete iliyoanguka jana haijazama. Mara nyingi iko ndani ya sentimita 10 za juu, labda imekanyagwa, labda mawimbi yameifunika kidogo. Kina si tatizo lako. Tatizo lako ni kuitofautisha na kizibo kilicho kando yake. Koili kubwa inaviona viwili kama kitu kimoja na kukupa namba ya uongo kwenye skrini, ile inayoashiria aina ya metali. Tena dhahabu nyembamba hujibu karibu sana na chumvi yenyewe, hivyo koili inayoona chumvi nyingi ndiyo inayoizika. Mkufu ni mgumu zaidi, kwa sababu kila kijipete chake hujibu peke yake kama kitu kidogo mno. Koili ya 6 huupata palepale ambapo ya 15 imepita kimya.

Kwa hiyo ya 11. Kamba mbili zimelazwa mchangani mita moja na nusu kati yake, tunapita katikati, tunahamisha moja, tunarudi. Koili sambamba na mchanga, sentimita mbili tatu juu yake. Namba zilizo chini ya 20 zote zinachimbwa, maana pete za dhahabu hukaa eneo lilelile na vishikizo vya kufungulia makopo. Mtu anayechagua asichimbe vishikizo amechagua asipate pete.

Vishikizo vikatoka. Vizibo. Karatasi za foili. Mgongo ukaanza kuzungumza, saa sikuitazama tena.

Kisha mke akapata picha nyingine kwenye simu ya mtoto: pete kidoleni, na nyuma nguzo za gati ziko karibu kabisa. Mahali pa nne, chini ya Central Pier. Gati hilo ni la mwaka 1868, nguzo zake ni za chuma, na chini yake mchanga umejaa magamba ya kutu, misumari na vipande vya bolti. Ya 11 ilifika pale ikaziba masikio. Ikabidi kurudi garini kubadilisha koili, na hili halifanyiki ufukweni kwa haraka. Osha plagi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifungua, ikaushe kwa taulo, kisha ifungue. Tone moja la chumvi ndani yake linaota kutu, na baada ya wiki unalaumu mashine. Tazama ringi ya mpira isiwe na chembe ya mchanga. Kaza kwa vidole, usitumie koleo. Waya uzungushe kwenye mpini ukiwa umebana, kwa sababu waya unaopepea karibu na koili unalia kama shabaha. Bolti ni ile ya plastiki, na washa za mpira zisisahaulike, vinginevyo koili inalegea na kuinamisha pua.

Kwa koili ya 6 unaingia katikati ya nguzo, unakaribia chuma kwa shibri mbili na bado unasikia. Mwendo ni wa polepole mno. Mkono hauchoki, kinachochoka ni akili, kusikiliza mlio mdogo mzuri ndani ya milio mikavu ya kutu. Mlio wa kutu hukatika ukigeuka digrii 90 na kupiga mfagio upande wa pili. Wa pete unabaki.

Ulibaki. Kichoteo cha matundu kimoja, kutikisa, pete. Sentimita nane hivi, na pembeni yake msumari ambao koili ya 11 ingeuchanganya nayo. Mteja hakusema kitu kwa muda, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Uchovu wote wa mahali pa kwanza, pa pili na pa tatu nimeusamehe hapo.

Alipokuwa anaondoka akauliza, akianza kazi hii anunue koili gani. Anza na ya 11 iliyokuja na mashine na uijue mpaka uisikie usingizini. Fedha ya pili nunua ya 6. Ya 15 iwe ya mwisho, tena kama ufuo wako ni mpana, msafi na umelowa, na bega lako ni zima. Na kabla ya yote uliza mwenye ufuo kama anaruhusu.

Usiku, kuosha tena. Kifuniko cha chini cha kila koili kinatolewa, kwa sababu mchanga wenye chumvi hujificha kati yake na koili na kesho mashine italia uongo asubuhi nzima. Vinakaushwa tofauti, koili huku, vifuniko kule. Kupwa ya kesho asubuhi imesogea mbele kama dakika arobaini.